Picha ya Upepo

Mwaka ule vita ya kwanza ilipopita Butembo, nilimtuma mume wangu, Syauswa, sokoni kuchukua mahindi, akarudi na kamera. Nilishtuka hadi nikakaa kizingitini. Mtu mzima, mwalimu wa darasa la tano, mwenye watoto watatu wanaosubiri kula, ananionyesha kijisanduku cheusi cha plastiki na kusema kitatulisha! Nilimwuliza kama kinapikwa na maharagwe. Alicheka peke yake.

Picha zake za kwanza zilikuwa aibu. Huyu alitokea nusu, yule alikuwa mweusi tii kama sufuria la kilioni, kwa sababu mwalimu alimsimamisha na jua mgongoni. Shangazi yangu Kasika, aliyekuwa amevaa kitenge kipya siku hiyo, alijiona hana kichwa, akakataa kutusalimia mpaka Pasaka. Lakini mume wangu ni mbishi, na kwa hili nilikuja kumsifu. Alichukua daftari la shule akawa anaandika: saa ngapi, jua upande gani, mtu yuko hatua ngapi. Picha zikirudi, alizilinganisha na maandishi yake na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha imla za wanafunzi. Baada ya mwaka, watu walianza kuwa na vichwa. Baada ya miaka miwili, walikuwa na macho.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa kwenda Dubai akamletea kamera ya Yashica, ya chuma, iliyokwisha kutumika, na flashi ya kupachika juu yake. Mimi nilishona mashuka mawili pamoja, mchoraji wa mabango akatuchorea ndege na ngazi zake, tukayatundika sebuleni kwetu, hapo mtaa wa Mususa. Watu ambao hawajafika hata Goma walipigwa picha wakipanda ndege. Mshahara wa serikali ulikuwa umekufa kitambo. Asubuhi alifundisha, mchana alipiga picha za kadi, Jumamosi arusi, Jumapili ubatizo. Kijisanduku kilitulisha kweli, nami nikakoma kumcheka mbele za watu.

Shida ilikuwa filimu. Za rangi zilisafishwa Kampala, kwa kupitia mpaka wa Kasindi, na filimu mpya zilirudi kwa njia hiyohiyo. Vita ya pili ilipoanza, barabara ilifungwa kila mara wenye bunduki walipogombana, nasi tulikuwa nao wa kila aina: waasi, Waganda, wanamgambo wa Mai-Mai. Na wengi wao, Mungu anisamehe, walipenda picha kuliko maharusi.

“Vieux, beta ngai photo! Noki-noki!” askari mmoja alimwamuru mume wangu kwa Kilingala ampige picha upesi, bunduki begani, akijipanga na wenzake mbele ya ndege yetu. Kulipa hawalipi, na kuwakataa nani angethubutu? Siku hiyo picha sita ziliondoka hivihivi. Walipotoka nilikuwa na hasira, na hasira ikanipa akili.

“Baba Solange,” nikamwambia, “ile flashi iko na kitufe nyuma, ya kujaribia. Weye bonyeza ile tu. Pellicule, filimu yenyewe, hapana kugusa. Batu bakiona mwangaza, banaridhika.”

“Na mulio?” akauliza.

“Si uko na ulimi?”

Alijaribu palepale. Akashika kamera usoni, akabonyeza kitufe, mwanga ukawaka, ulimi ukagonga kaakaa: kla! Tulicheka hadi machozi. Tukaipa jina, picha ya upepo. Askari wengi waliopigwa upepo walihamishwa kabla ya kuja kudai, na waliobaki tuliwaambia Kampala wameharibu.

Ilikuwa dawa ya askari tu. Lakini mazoea yana taabu. Baada ya askari, tukawapa upepo watoto wasumbufu wa mtaani. Baada ya watoto, mashemeji wapenda vya bure. Mimi ndiye niliyetoa ishara. Nikijikuna sikio, mume wangu anajua filimu isiguswe.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Djuma, dereva wa lori. Yeye na mkewe Mapenzi walikuwa watu wa Beni, wa mtaa wa Mulekera, wakahamia Mususa baada ya nyumba yao kuchomwa na kila kitu ndani. Djuma alikuwa mtu wa mizaha. Akipita alipiga honi na kuniita “Madame Kampala”, kwa sababu bahasha zetu za filimu ni yeye aliyezifikisha Kasindi, na hakuwahi kutuomba hata ndizi moja. Mwezi wa tano wa mwaka 2001, baada ya miaka sita ya kungoja, Mapenzi alizaa mtoto wa kike. Siku ya saba wakampa jina Asma. Kesho yake asubuhi Djuma alisimamisha lori mbele ya mlango wetu, akashuka na mtoto mikononi, Mapenzi akimfuata taratibu.

“Mwalimu, nakwenda Kirumba kuchukua maharagi,” akasema. “Unipige kwanza foto na princesse yangu, hapa mbele ya camion. Nikirudi niikute.”

Mume wangu alinitazama. Ndani ya kamera zilibaki picha nne tu, na Jumamosi ilikuwa arusi ya binti wa Salomon, mkuu wa shule yake. Filimu mpya zilikuwa bado zimekwama Kasindi. Nikawaza, huyu ni wa nyumbani, Alhamisi atakuwa amerudi, tutampiga ya kweli. Nikajikuna sikio.

Djuma alivua kofia. Akamgeuza mtoto uso utuelekee, akavuta tumbo ndani, akawa hacheki tena, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mwanga ukawaka. Kla.

“Iko muzuri?”

“Muzuri sana,” mume wangu akajibu, macho yake chini.

Djuma akamrudishia Mapenzi mtoto, akapanda lori, akanipigia honi.

Jumatano asubuhi nilikuwa napepeta maharagwe uani, nikamwona Idi, kaka yake Mapenzi, anakuja mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

“Mama Solange, bamemuua Djuma! Bamechoma camion, pale mbele ya Kirumba. Bamekwisha kumuzika kulekule.”

Nikamwambia hapana, haiwezekani, nilimwona juzi. Ni maneno ya kijinga, lakini ndiyo yaliyotoka. Ungo ulinianguka, maharagwe yakatawanyika, kuku wakaja wakala sikuwafukuza. Nani alifyatua risasi, mpaka leo hatujui. Waislamu wachache wa Kirumba walimzika siku hiyohiyo, na barabara ikafungwa nyuma yao, hivyo Mapenzi hakuuona uso wa mumewe wala kaburi lake. Nami nakiri jambo ambalo sijamwambia padri. Kabla sijamfikiria mjane, kabla ya chozi la kwanza, nilikumbuka sikio langu.

Siku ya tatu Idi alirudi. Mapenzi alikuwa ameingia eda, hatoki nyumbani.

“Anauliza ile foto,” Idi akasema. “Haiko na ingine hata moja. Za ndoa ziliungua Beni, permis ya kuendesha imeungua na camion. Bandugu ya Djuma biko Kisangani, front ya vita iko katikati, hakuna njia ya kufika. Anasema, bila ile foto mutoto hatamujua baba yake.”

Mume wangu alifungua mdomo, mimi nikamtangulia. “Iko Kampala,” nikasema. Nilisema vizuri sana, kwa sauti ya kawaida kabisa, mpaka nikajiogopa.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na urefu wa eda nzima, miezi minne na siku kumi. Kila Ijumaa baada ya sala Idi alipita kuuliza, na kila Ijumaa Kampala ilikuwa na tatizo jipya. Mume wangu hakula vizuri tena. Alizitoa negativu zote kutoka kwenye makopo ya biskuti, za miaka minne, akawa anakaa dirishani na kioo cha kukuzia, anazipitisha moja moja kwenye mwanga. Djuma alipita mbele ya nyumba yetu kila siku, alisema, lazima amenaswa mahali, hata pembeni mwa arusi ya mtu mwingine. Alitafuta majuma kumi na moja. Alipata bampa ya lori na mkono uliotoka dirishani, ambao labda ni wa Djuma na labda ni wa mwingine.

“Twende tumwambie ukweli,” alisema.

“Umwambie ulimupiga bwana yake na ulimi?” nikamfokea. “Tutasema imeungua kule labo ya kusafishia. Kampala haina masikio.”

Eda ilipokwisha, Mapenzi alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu mchana. Alikuwa amekonda, amevaa nguo safi, na Asma mgongoni, mtoto mnene mwenye macho ya kuuliza.

“Mwalimu, Mama Solange, eda imeisha. Nimekuya miye mwenyewe juu ya ile foto.”

Labo iliyoungua ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Safari hii mume wangu akaniwahi.

“Foto haiko, Mama Asma. Haikukuwa hata siku moja. Niliwakisha flashi tu. Pellicule nilichunga ya arusi.”

Hakuelewa. Nani angeelewa? “Mais niliona mwangaza,” akabisha. “Na macho yangu. Mutoto alifunga macho.”

“Mwangaza tu.”

“Na mulio? Nilisikia mulio.”

“Ilikuwa ulimi yangu.”

Mapenzi alimtazama mdomo, kama anayesubiri maneno mengine yatoke humo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, “Ile mwangaza ilikuwa ya nini basi?”

Nilisema kwamba ni mimi niliyemfundisha, ni mimi niliyetoa ishara, anilaumu mimi. Hakunigeukia. Nilingoja apige kelele, aite Idi, aite mtaa mzima, na ningefurahi kama angefanya hivyo. Yeye alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya ndege yetu ya mashuka, akimshikilia kwa mkono mmoja.

“Iko na uso ya baba yake. Bote banasema. Mumupige yeye. Mais fungua kwanza hiyo mashini, nione pellicule na macho yangu.”

Jana yake ilikuwa komunyo ya kwanza parokiani, na ndani ya kamera mlikuwa na watoto kumi na wawili, wenye kanzu nyeupe za kuazima zilizokwisha kurudi kwa wenyewe. Filimu ikiona mchana, imekufa.

“Mama Asma, kufungua—” nilianza.

“Wacha,” mume wangu akasema.

Hakumweleza kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa, angeeleza, ingeonekana kisingizio, Kampala nyingine. Akakiinua kidogo kitufe cha pembeni, mgongo wa kamera ukafunguka, na mchana wote wa Mususa ukaingia. Nilipiga ukelele kama nimeungua. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akibadilisha filimu chini ya blanketi, kwa uoga!

Mapenzi aliinama. Aliutazama utepe wa kahawia, akaugusa kwa kidole.

“Ni hii?”

“Ni hii.”

“Funga. Sasa piga.”

Akafunga. Akaivuta filimu mara tatu kuipitisha sehemu iliyoungua, maana iliyobaki ndani ya kopo lake ilikuwa salama. Flashi akaichomoa na kuiweka chini. Akasogeza kigoda mlangoni, penye mwanga wa kawaida, akapiga magoti, akaegemeza viwiko kwenye mapaja. Kamera ikalia yenyewe, mlio mdogo. Akapiga ya pili, na ya tatu, na Mapenzi akihesabu kwa midomo.

Juma hilo alizunguka kwa wazazi wa komunyo, nyumba kwa nyumba, akiwaambia kilichotokea. Wengine walimtukana. Mama mmoja, Kavuo, alikaa chini akalia, kwa sababu kanzu ile mwanawe hangeivaa tena. Wateja wakapungua nusu. Kitufe cha flashi alikiziba kwa gundi.

Picha ilirudi baada ya wiki sita. Nilipoitoa kwenye bahasha nilishtuka, kumbe watu hawakusema uongo. Paji la uso, mdomo, hata ile namna ya kuacha kucheka mbele ya kamera, alikuwa Djuma mtupu. Mume wangu aliipeleka mwenyewe. Mapenzi aliipokea mlangoni, akaitazama muda mrefu, akafunga mlango.

Asma amekuwa msichana sasa. Tukikutana sokoni hutusalimia vizuri, kwa mikono miwili. Mama yake hatusalimii.