Kijani cha Kusubirisha

Nilisikia mgomba ukianguka kabla sijaona chochote. Asubuhi za Nyabiyonza zina ukungu mzito, ukisimama mlangoni huoni hata banda la mbuzi, na siku ile ulikuwa umekaa hadi kizingitini. Kwanza pigo la panga, la majimaji, kama mtu anayepasua boga. Kimya. Kisha majani makavu yakikwaruzana, na mwisho kishindo cha kitu kizito kilichojaa maji kikipiga ardhi.

Mama alikuwa anamimina chai. Akaliacha birika hewani.

"Jirani anavuna?" nikauliza.

"Anayevuna hukata mmoja," akasema. "Sikiliza."

Ukaanguka wa pili. Wa tatu. Sauti zilitoka ng'ambo ya njia, kwenye kibanja cha jirani yetu, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Baba yake alivuka Mto Kagera akiwa kibarua, akafanya kazi katika mashamba ya watu hadi akapata kipande hicho, na mwanawe hakurithi kingine. Mtu wa namna hiyo hafyeki migomba yake asubuhi na mapema bila sababu, na kwetu sababu ni moja. Mnyauko: ugonjwa unaoingia kwa kisu kichafu au kwa udongo ulioganda viatuni, unaogeuza majani kuwa manjano na kuozesha ndizi ndani kabla hazijakomaa.

Nikatoa simu nikafungua ramani. Niliijenga mwenyewe ramani ile. Vilima vyetu vilikuwa kijani, vizuri, bila nukta nyekundu hata moja. Katika nyumba ile ni mimi tu niliyejua kwamba kijani kile hakikuwa habari. Kilikuwa picha ya kusubirisha watu.

Naandika riwaya, na riwaya hazininunulii sabuni, kwa hiyo nilijifunza kutengeneza tovuti. Kikundi cha wakulima wa kwetu kilitupa kazi mimi na mwenzangu, dada mmoja wa Kaisho aliyejifunza ufundi huu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kabla hajawahi kumiliki kompyuta. Walitaka jambo moja. Bwana shamba akikuta mgomba mgonjwa, aweke alama kwenye simu yake. Na mkulima popote alipo afungue yake, aone ugonjwa umefika wapi, ajue lini aache kuazimana visu na kupeana miche.

Kazi kama hiyo huanza kwa kuchagua kiunzi, au fremuwaki kama tunavyosema kazini. Ni msimbo wa JavaScript, lugha ya kuandikia tovuti, ulioandikwa na wengine, ambao juu yake unajenga vitufe, fomu na ramani zako badala ya kuanzia kwenye ardhi tupu. Viko vikubwa vyenye kila kitu, na viko vyepesi vyenye vitu vichache tu. Ila simu ya anayefungua ukurasa wako lazima ikishushe kwanza kiunzi hicho kutoka mtandaoni, ikifungue, ndipo ionyeshe ulichokusudia kumwambia.

Tulibishana wiki mbili, katika chumba cha nyuma cha duka la pembejeo la mjomba wake, tukiwa tumekalia mifuko ya mbolea.

"Tuchukue chepesi," alisema. "Tuna ramani, orodha na kitufe kimoja. Wewe unataka kukodi lori libebe mkungu mmoja?"

"Kikubwa kinajulikana na watu wengi. Tukikwama tutapata msaada."

"Sema kweli, mwandishi. Unataka ramani iteleze kwa kidole ukawaringie watu wa Dar."

Nikacheka. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshajiona ofisini kwa mtu, nikigeuza kompyuta ili atazame vilima vya Karagwe vikisogea kama ukungu unaoondoka.

"Hata kwenye kompyuta unapenda sentensi ndefu," akasema, lakini akaniachia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naandika sehemu kubwa ya kazi.

Siku moja alinipeleka Kiruruma, nikajionee simu za wakulima. Tulimkuta mama mmoja anapalilia maharage, tukamwamkia, tukamwomba simu yake. Nikafungua ukurasa wangu. Kioo kikabaki cheupe. Tukasubiri. Yule mama alirudi kwenye jembe lake, akamaliza mstari mzima, akageuka, akaanza mwingine, na kioo bado kilikuwa cheupe.

"Nitaweka kitu cha kusubirisha," nikasema.

Usiku huohuo nilichora vilima vya kijani, picha nyepesi inayotokea mara moja, ili mtu asione weupe. Alama nyekundu zingekuja baadaye, kiunzi kikishafunguka.

"Andika chini yake: subiri, taarifa hazijafika," mwenzangu alisema aliponiona nafurahi.

"Maneno yataharibu picha."

Mimi, mtu wa maneno, ndivyo nilivyomjibu.

Mtoto wa jirani alipata kipaimara wakati wa kiangazi, ramani ikiwa imeshaanza kutumika. Kwetu mwenye sherehe hakami rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mikungu yake peke yake. Watu wa kilima humchangia mikungu, na wakataji hupita kibanja hadi kibanja na muhoro mmoja, kisu kile kilichopinda, wakipokezana. Kila mtu kuja na kisu chake ingekuwa kama kusema hamwamini mwenzake. Walianzia upande wa pili wa kilima kwa shemeji wa jirani, wakapita kwake mwenyewe, wakamalizia kwetu. Walifika wakiimba, na muhoro uking'aa utomvu.

"Ngojeni kwanza," mama akasema. "Nitazame ramani ya mwanangu inasemaje."

Akaenda kusimama kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee kwetu panapopata mtandao wa uhakika. Nilikuwa Kaisho siku hiyo, haya nimesimuliwa. Aliinua simu, akaitazama, akaigeuza ili jirani, aliyekuja na wakataji, naye aone.

"Kijani," akasema. "Kateni."

Wakakata.

Kwa hiyo asubuhi ile ya ukungu sikuingoja chai. Nilivuka njia nikamkuta jirani amesimama katikati ya migomba iliyolala, panga mkononi. Vigogo vilikuwa vinatoa ute wa manjano, na hewa ilinuka uchachu.

"Shikamoo."

"Marahaba." Hakunitazama. "Ramani yako ilisema kwetu kuzuri."

"Ilikuwa haijafunguka, baba. Kile kijani ni picha tu, alama zilikuwa bado."

Akafikiri. "Sasa mimi ningejuaje?"

Akainama akaukata mwingine.

Nilipopata mtandao mzuri niliangalia kumbukumbu za ramani. Siku nne kabla ya kipaimara, bwana shamba alikuwa ameweka nukta tatu nyekundu upande wa pili wa kilima, kwa yule shemeji. Zilikuwepo. Zilikaa mtandaoni zikingoja mzigo wangu ushuke kwanza.

Nikampigia mwenzangu. Nilitaka anitukane.

"Muhoro ulipita kwenu baada ya kwake?" akauliza tu.

"Ndiyo."

"Ai, waitu." Ndivyo tunavyopeana pole kwetu. "Njoo na kompyuta. Chakula kipo."

Tulianza upya juu ya mifuko ileile ya mbolea. Safari hii hatukuuliza kiunzi gani kina sifa. Tuliuliza kinashuka kwa muda gani kwenye simu mbovu kuliko zote tunazozijua, na kisiposhuka kabisa, mkulima anabaki na nini mkononi. Kwa swali hilo la pili tulivitupa vitatu kwa siku moja. Tukabaki na kimoja kidogo sana, ambacho mwenzangu alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza, na hakunikumbusha. Tukapanga ukurasa ufike ukiwa umeshaandikwa: jina la kijiji, na chini yake sentensi moja, mnyauko upo au haujaripotiwa, na siku ya taarifa ya mwisho. Taarifa isipofika, paandikwe kwamba haijafika. Kiunzi kikawa na kazi ndogo tu, kubadilisha sentensi hiyo mara alama mpya inapowekwa. Ramani inayoteleza nikaifuta mwenyewe.

Siku ya sita tulirudi Kiruruma kwa yule mama wa maharage. Ukurasa ulifunguka kabla hajaweka jembe chini. Alisoma, midomo ikimsogea, kwamba mnyauko upo kijiji cha pili kutoka kwake. Hakutushukuru. Alifunga simu kwenye pindo la kanga akaondoka haraka kwenda kuitazama migomba yake, akatuacha tumesimama shambani kwake kama watu waliokuja kutoa taarifa ya msiba.

Nyumbani, mama alikuwa akikikagua kibanja kila asubuhi. Muhoro wetu aliuchoma motoni hadi mpini ukaungua. Maua ya migomba aliyavunja kwa kijiti chenye panda badala ya kuyakata kwa kisu, kama walivyofundishwa. Jioni alinihesabia majani. Jani moja la mgomba wa nyuma ya jiko lilikuwa limelegea, akasema ni jua. Kesho yake yakawa mawili, akasema ni upepo. Mgomba ule ulipandwa na bibi yangu siku mama alipoletwa pale akiwa bi harusi, na machipukizi yake ndiyo yaliyojaza nusu ya kibanja. Tulikuwa tunaupita bila kuutazama juu.

Bwana shamba alikuja siku ya soko. Ni mtu mcheshi, lakini siku hiyo alikataa kiti.

"Nionyeshe wa nyuma ya jiko," akamwambia mama.

Alivunja ndizi moja changa akaikata katikati. Ndani ilikuwa na kutu. Kisha akatoboa kigogo, tukasubiri sote watatu, na ute ukatokea polepole, wa manjano, ukaning'inia bila kudondoka.

"Samahani, mama," akasema. Akatoa simu, akapanda kichuguuni, akagusa kitufe. Kisha akasema atarudi kesho na watu wa kusaidia, akakipitisha kisu chake kwenye moto wa kiberiti, akaondoka.

Mama akaingia ndani, akakaa, akaniomba nimshikie simu yake pale dirishani ambapo siku nyingine mtandao huchungulia. Nilitamani isifunguke. Nilitamani kile kiunzi kikubwa cha zamani, kioo cheupe, vilima vya kijani, chochote ambacho kingetupa jioni moja zaidi. Ikafunguka kabla sijaondoa kidole. Jina la kijiji chetu, na chini yake sentensi niliyoiandika mwenyewe.

Mama akaisoma. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Leo imefunguka upesi," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Maneno uliyaandika vizuri. Yanasomeka." Akaiweka simu dirishani. Akachukua panga nyuma ya mlango, akalipitisha kwenye makaa pande zote mbili, taratibu, kama anayechoma muhindi. Nikainuka.

"Bwana shamba amesema kesho, na watu wa kusaidia."

"Kesho watakata mingine. Ule ni wangu."

"Basi twende wote."

"Wewe baki. Viatu vyako vimekanyaga kwa jirani."

Nikatazama miguuni. Udongo wa kule ulikuwa umekaukia kwenye soli. Mama akajifunga kanga vizuri kiunoni, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.