Fundo la Mama

Nilisoma Kilatini miaka minne seminarini, na sijawahi kukutana na mtu sokoni Eldoret aliyehitaji hata neno lake moja. Njia ya upadri niliiacha, nikawa mwalimu mtaani Langas, nikaoa, nikapata watoto wawili, na Kilatini chenyewe nikakisahau karibu chote. Kitenzi kimoja tu kilikataa kutoka kichwani: cernere. Padri aliyetufundisha alikuwa mkali, alitaka maana zake zote kwa mpangilio. Kwanza ni kuchekecha, kutenga kinachofaa na kisichofaa. Kisha ni kuona kwa macho, ukatofautisha hiki na kile. Kisha ni kukata shauri. Na kwa wanasheria wa Roma, ni mrithi kutamka waziwazi kwamba ameupokea urithi. Niliona wale watu walikuwa wavivu tu wa kutunga maneno, wakalibebesha moja mizigo ya manne.

Sasa siwacheki tena. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka huenda nyumbani, upande wa Ziwa, kumsaidia mama yangu na mahindi. Mvua ikikawia kukoma, mengine huozea shambani, kwa hiyo tukishapukuchua na kuanika lazima yachambuliwe. Mama hukaa kwenye kigoda na ungo mapajani. Mabovu huyatupa kwenye karai, mazuri huyatia guniani, na gunia likijaa hulifunga kwa kipande cha leso kuukuu. Pale kwetu fundo lake ndilo neno la mwisho. Hata majirani humletea mahindi yao, na akishafunga hakuna anayefungua kukagua.

Mwaka juzi ugali wetu Langas ulianza kuwa mchungu. Mke wangu alimwaga sakafuni gunia nililoleta kutoka kwa Mama, akanionyesha punje nyeusi zenye ukungu, si moja wala mbili. "Watoto wanakula hii," alisema, akatoka nje. Mahindi ya namna hiyo huua, kila mtu kwetu anajua. Nikasema labda paa limevuja. Nilijua paa halivuji.

Likizo iliyofuata nilimtazama Mama akifanya kazi. Aliinua punje hadi karibu na pua, akaigeuza, akaitia guniani. Ilikuwa imeoza nusu nzima. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaziba macho yote mawili, na hospitali Mama hataki hata kuisikia.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Ukimwondolea mama yangu ule ungo, umemwacha na nini? Basi kila asubuhi alipokwenda kukamua, nilifungua magunia aliyoyafunga jana, nikachambua upya, nikafunga. Nilifanya hivyo likizo nzima, na mwaka huu nikaanza tena. Mgongo uliniuma, kucha zikajaa vumbi jeusi, na nilimkasirikia Mama kana kwamba aliyaziba macho yake kwa makusudi. Zaidi nilijichukia mwenyewe. Kuchekecha nilichekecha, kuona niliona, lakini kukata shauri kulinishinda. Ndivyo nilivyokuwa seminarini pia; nilichelewa miaka miwili kusema kwamba siwezi.

Wiki iliyopita Mama alirudi kutoka zizini, akaweka kopo la maziwa chini, akapapasa gunia lililokuwa karibu na mlango.

"Wewe, hebu kuja hapa," akaniita. "Hii fundo si yangu."

Nililitazama fundo. Mimi natumia mkono wa kushoto, na fundo langu huangalia kushoto.

"Tangu mwaka jana nafunga jioni, asubuhi napata fundo ya mtu wa kushoto. Nikasema acha, huyu atasema siku yake. Mpaka leo hujasema." Alikaa kwenye kigoda. "Sasa niambie, na usinidanganye. Mbovu ni nyingi?"

Ningeweza kusema ni chache, na nadhani angekubali. Tungeendelea hivyo hivyo hadi mmoja wetu azikwe.

"Ni nyingi, Mama. Watoto wamezikula."

Vidole vyake vilitafuta ukingo wa ungo. Niliogopa atalia. Alinisukumia ungo magotini, akauliza leso iko wapi.

"Chambua wewe," akasema. "Lakini kufunga ni mimi. Na kabla sijafunga, utaniambia kwa mdomo kama iko sawa."

Nilichambua hadi mchana, naye akakaa kando akinisubiri. Gunia la kwanza lilipojaa nilipitisha mkono ndani mara tatu, kwa hofu.

"Iko sawa, Mama."

Akalifunga, fundo likiangalia kulia. Machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi, naye akaniambia nilete gunia lingine.