Butoni ya Upande wa Maji

Mpaka leo mutu akiniambia "kulia" au "kushoto" hasira inanipanda, ingawa kosa halikuwa lake. Nyumbani kwetu Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, miaka ile ya sabini, hakuna aliyesema hivyo. Tulisema upande wa maji na upande wa pori. Sogeza sufuria upande wa maji. Geuza kichwa upande wa pori, unakoroma. Ziwa halihami, kwa hiyo huwezi kukosea. Ndivyo nilivyodhani.

Mama yangu ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa letu. Alikuwa amevuka Mweru kutoka Kongo na biashara ya samaki, akaolewa huku, na Kibemba chake kilichekesha watu mpaka pale alipoanza kuimba. Mwaka ule uvimbe ulimkaba kooni. Daktari kule Mansa akasema wazi: tukikata, utapumua; sauti hatuahidi. Siku ikapangwa. Lori la samaki lingempitia saa nne asubuhi.

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, mpiga gitaa, alisema hakubali sauti ile iishie hospitali. Alikuwa na mashine ya kurekodi ya betri na kisanduku cha kuchanganyia sauti za maikro, vyote kanunua kwa mfanyabiashara wa ng'ambo. Kisanduku kilikuwa na butoni nne za kuzungusha, namba zote zimefutika. Mbili za katikati zilikwisha kufa. Zikabaki za mwisho, huku na kule: moja ya maikro ya mama, nyingine ya ngoma na gitaa.

Asubuhi ya safari tuliweka meza nje ya kanisa. Yaya mikono yake ingekuwa kwenye nyuzi, kwa hiyo kazi ya butoni akanipa mimi.

"Ya upande wa maji ni ya mama. Fungua yote. Ya upande wa pori ni ya ngoma, fungua kidogo tu. Umesikia?"

"Nimesikia, yaya. Mimi si kiziwi."

Tukapima. Sauti ya mama ikatoka safi, nikaringa kweli.

Halafu upepo ukaja na mvua kutoka ziwani, bila hodi. Tukabeba kila kitu mbiombio hadi ndani. Yaya akaweka meza karibu na ukuta, penye nafasi, mimi nikazunguka nikaketi nyuma ya meza. Kumbe butoni zilikuwa zimezunguka wakati wa kubeba, na yaya akazirudisha zote sifuri. "Panga kama mwanzo!" akapiga kelele. Nikatazama dirishani: maji yale pale. Nikafungua yote butoni ya upande wa maji, ya upande wa pori kidogo tu.

Meza ilikuwa imegeuka pamoja na kisanduku, na butoni ya ngoma ndiyo sasa iliyokuwa upande wa maji. Ziwa halikugeuka. Sikuliona jambo hilo hata kidogo, mjinga mimi!

Lori likaanza kupiga honi. Haraka haraka haina baraka, husema watu ambao lori haliwapigii honi. Mama akasimama wima, mkono mmoja kooni, akaimba wimbo mzima, beti zote nne. Pale wimbo unapopanda juu nilimwona mishipa ikimtoka, nikaogopa angeanguka. Nikarudi kuangalia kile kisindano cha mashine kinachopima sauti. Kilicheza vizuri. Nikakiamini.

Wimbo ulipokwisha, ngoma ikanyamaza. Mama akaja mezani polepole, na alipofika penye maikro ya ngoma akauliza jambo. Nikamjibu kabla sijazima mashine. Akapanda lori, na tukabaki tukimpungia mikono kwenye matope.

Tuliporudi ndani yaya akarudisha utepe nyuma, akabonyeza. Gum, gum, gum. Ngoma, ngoma, ngoma. Mama alikuwa mbali huko nyuma, kama mutu anayekuita kutoka mtumbwini na upepo haukubali. Yaya aliangalia butoni, akaangalia dirisha, akaniangalia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nililia mpaka kwikwi zikanishika.

Mama alirudi baada ya majuma matatu, mzima, na kovu shingoni. Sauti haikurudi. Alinong'ona tu, na alinong'ona hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Jambo la kwanza alilotaka ni kusikia wimbo wake.

Nilitaka kusema utepe umekatika. Badala yake nikaweka mashine kwenye mkeka, nikakaa nimeinamisha kichwa, nikamwacha asikilize ngoma beti zote nne. Kisha ngoma ikanyamaza, na kwenye maikro ile ile ya ngoma, iliyokuwa wazi kabisa, sauti yake nzito ikatoka, karibu, safi:

"Mutoto, imekamata?"

Na yangu, ya kujidai: "Yote, mama. Yote!"

Nikanyoosha mkono nizime. Mama akanishika kiganja.

"Rudisha hapo," akanong'ona. "Hapo niliposema."