Ndoo ya Kambare Kwenda Kaliua

Niliondoka Tabora kwa sababu ya vifo. Mara mbili kambare wangu walitaga na mayai yakaanguliwa vizuri kwenye tangi la uani kwetu, mtaa wa Chemchem, na mara mbili vifaranga wote walikufa katika wiki ya tatu, wakati ndiyo kwanza wanaanza kufanana na samaki. Sasa kundi la tatu lilikuwa linafikia umri ule ule, na mke wangu Zuhura alishatoa hukumu.

"Hawa nao wakifa, Baba Rukia, tangi langu nalichukua. Nimechoka kufua kwa maji ya kuazima."

Nikampigia Mama Neema, mkulima wa Kaliua anayefuga kambare bwawani na ambaye hununua vitambaa dukani kwangu. Akasema, njoo nao niwaone.

Alasiri, stesheni ya Tabora. Nilibeba wachache kwenye ndoo isiyo na mfuniko, maji nusu tu yasije yakamwagikia abiria. Wenzao niliwaacha raha mustarehe: tangi limejaa pomoni, na juu nimekaza nailoni, kama kawaida yangu, kuwakinga na ndege. Treni ya Kigoma inafuata njia ya misafara ya zamani. Babu zangu walipita huku wakifuata pembe za ndovu. Mimi nilipita nimekumbatia ndoo, na abiria wa mbele yangu akiuliza kama ile ni mboga.

Baada ya Urambo nilikuwa nawatazama tu, na kuwatazama ndiyo starehe yangu. Walipoanguliwa walikuwa viluwiluwi, vijiuzi vyenye kiini cha yai tumboni, bila hata mdomo wa kulia. Pezi lao lilikuwa moja, limezunguka mwili kama pindo la kanga. Kiini kilipokwisha mdomo ukafunguka, pindo likagawanyika, mkia ukawa mkia na mapezi yakawa mapezi. Sharubu zikachomoza, na mwili uliokuwa ukipitisha mwanga ukaingia weusi. Mle behewani nikaona jipya: mmoja alipanda, akagusa uso wa maji kwa mdomo, akashuka. Kisha mwingine. Nikadhani ni mtikisiko wa treni.

Asubuhi, Kaliua. Nilikuwa nimelala kwa Mama Neema na mumewe. Kabla ya chai Zuhura akapiga simu.

"Wameanza kufa. Wamejaa chini ya nailoni."

Nikakimbilia ndoo, wote walikuwa wazima.

"Mbona makubwa haya!" alisema Mama Neema, aliyekuwa akipasua kambare mkubwa wa chakula cha mchana. "Waliotikiswa na treni wazima, waliotulia nyumbani wanakufa?"

Kisu chake kilikuwa kwenye kichwa cha samaki. Juu ya matamvua palikuwa na kitu chekundu chenye matawi, kama kimti kidogo.

"Hiki huwa nakitupa tu," alisema. "Kama anapumua kwa matamvua, hiki cha nini?"

Tukaitazama ndoo. Mmoja akapanda, akafungua mdomo, akashuka akiacha povu dogo.

"Jamani, anavuta hewa huyo!" alisema Mama Neema.

Walipokuwa viluwiluwi maji yaliwatosha. Sasa wamebadilika, wameota cha kuvutia hewa yetu, na mimi nimejaza maji hadi yakagusa nailoni. Nilikuwa nazamisha samaki! Nikapiga simu.

"Zuhura, toa nailoni! Mwaga maji nusu!"

"Nimwage maji ya samaki?"

"Mwaga!"

Simu ikakatika.

Kesho yake, Tabora. Niliingia uani kwa hofu. Zuhura alikuwa kwenye kigoda kando ya tangi, fimbo mkononi, akifukuza kunguru. Nguo zilikuwa bado kwenye beseni, hazijaguswa.

"Wamebaki?"

"Nyamaza, uone."

Vidomo vikachomoza hapa, kisha pale. Niliwamimina wa ndooni taratibu. Nilijifunza kwamba siku zote nilikuwa nawalinda viluwiluwi ambao hawakuwepo tena. Waliokuwa tangini walishakuwa samaki wengine, wanaohitaji mengine.

"Haya, tangi unalichukua lini?" nilimchokoza.

Hakugeuka. "Sogea, unawazibia hewa."