Karata Iliyobaki Hewani

Harufu ya mafuta ya reli ndiyo inayonirudishia kiangazi kile: mafuta mazito, meusi, yaliyobaki katika mikunjo ya vidole vya baba hata baada ya kunawa kwa majivu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha reli Dodoma, na kazi ya baba ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa. Jioni, upepo ulipotulia na vumbi likashuka taratibu kama unga unaochekechwa, mama alitandika mkeka uani na karata zikatolewa. Zilikuwa karata chakavu alizozitupa msimamizi wa Kijerumani, zimelainika pembeni kama kitambaa. Walicheza wanne, wawili wawili, kila mmoja akimkabili mwenzake. Baba alikuwa upande mmoja na Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyeuza samli. Mama alikuwa upande wa pili na kaka yake, mjomba Ndahani wa Ihumwa. Mimi nilikaa nyuma ya mjomba nikimenya karanga, na mwanga wa rangi ya asali ulitufunika sote kana kwamba jioni ile haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwanzoni, karata ilihesabiwa kuwa imechezwa ilipogusa mkeka. Lakini Shabani alikuwa na mazoea ya kuinua karata, kuielekeza kwa baba, kisha kuirudisha mkononi kama mtu aliyebadili mawazo. Siku moja mjomba akachachamaa. "Mrangi wewe, huchezi, unapiga soga na mwenzako!" Akadai sheria mpya: karata ambayo mwenza ameiona imekwisha kuchezwa, hata kama bado iko hewani. Shabani alicheka mpaka akakohoa, kisha akakubali.

Kilichowasumbua kiangazi hicho nilikuwa mimi. Mjomba alitaka nihamie kwake Ihumwa nimsaidie mkewe kulea watoto na kuchunga ndama. Haki ya mjomba juu ya mtoto wa dada yake haikubishaniwa na mtu. Baba alitaka niende Mpwapwa, kwenye shule ya misheni. Mama hakuweza kumpinga kaka yake mbele ya mumewe, wala mumewe mbele ya kaka yake. Mabishano yaliendelea tangu mavuno, mpaka vicheko vikaanza kupungua mkekani. Hatimaye mjomba akasema, nusu kwa utani, "Basi, shemeji, karata zituamulie." Baba alimpa mkono, na utani ukawa ahadi: upande wa mjomba ukishinda, Ihumwa; wa baba ukishinda, Mpwapwa.

Walikwenda sare hadi karibu na mwisho. Baba akaweka ree ya kopa, karata yenye thamani kuliko zote zilizobaki. Upande ambao ungeizoa ndio ungeshinda. Mjomba akatupa karata hafifu, maana alimtegemea mama. Shabani akacheza yake. Mama, aliyekuwa wa mwisho, alibakiwa na turufu moja ya kuizoa ree, na karata nyingine isiyofaa kitu. Akainua tatu ya pau, uso wa karata ukimwelekea mjomba. Ikasimama hewani. Kisha akairudisha na kushika turufu.

"Wapi!" Shabani alidakia. "Ndahani kaiona. Imechezwa hiyo."

"Sijaona kitu," mjomba alisema. "Nilikuwa nafukuza inzi."

"Inzi gani jioni hii?"

"Inzi wa Ihumwa. Wamenifuata."

Baba aliutazama mkeka. Ndipo mama akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani kaka, nilikuwa nimeshika nini?"

"Si tatu ya pau?" mjomba alijibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Shabani alianguka chali kwa kicheko. Mama akailaza tatu ya pau mkekani, na kabla ya mvua nilikuwa Mpwapwa.

Sasa nimerudi darasani nikiwa na mvi, na baadhi ya jioni nacheza bridge, karata za wawili wawili kama zile, na wanafunzi wenzangu, juu ya meza yenye kitambaa safi, chini ya taa isiyoyumba. Hakuna anayebishana, kuna kitabu cha sheria. Tangu tulipomzika mama nimekisoma kuliko inavyonipasa. Kinasema kuwa karata ya mlinzi, yaani anayecheza kuuzuia upande ulionadi kuwa utashinda, imechezwa ikishikwa mahali ambapo mwenza wake angeweza kuiona. Angeweza, si lazima awe ameiona. Kwa hiyo inzi wa Ihumwa wasingemsaidia mjomba hata kidogo, na swali ambalo mama aliuliza kwa upole halikuhitajika.

Hata hivyo aliliuliza. Mama, ambaye kiangazi chote hakuwahi kuchomoa karata asiyoitaka. Sikumwuliza kamwe, na sasa hakuna wa kumwuliza. Kitabu kinamtaja mwenza peke yake. Lakini nyuma ya mwenza nilikuwa nimeketi mimi, maganda ya karanga mapajani, na karata ile, hewani, ilinitazama mimi pia. Na juu yake, macho ya mama, yakinitazama mimi, si mjomba.