Mbuzi Niliyemkataa Mara Tatu

Mjomba wangu aliniambia nisimwite mbuzi.

"Kambini hakuna mbuzi," alisema, na nyuma ya pikapu mbuzi alikuwa analia. "Kuna mnyama."

Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa miaka ya tisini, wakati Alhamisi na Ijumaa ndizo zilizokuwa siku zetu za mapumziko Maskati. Mjomba na wazee wenzake watatu, wote watu waliorudi kutoka Tabora, walikuwa na desturi ya kupiga kambi katika wadi moja, bonde la mto mkavu, nyuma ya milima ya Bustan. Waliita safari hiyo kwenda kuwinda. Kuwinda kwenyewe kulikuwa kumekatazwa, na bunduki zao, kama waliwahi kuwa nazo, zilibaki Tabora. Walichokuja nacho Omani ni adabu ya uwindaji, na hiyo hawakuipunguza hata chembe.

Wadi ile haikuwa ya mtu, kwa hiyo adabu ilikuwa ndiyo serikali yake. Ukikuta wenzio wamekwisha kufika, unazima gari mbali, unakohoa, unapita nyuma ya kambi yao upande usio na jiko, wala huulizi wamepata nini. Ukiondoka unaacha mafiga mahali pake na kuni za kuwashia moto mmoja, kwa ajili ya mtu usiyemjua. Kila wiki mmoja wao alikuwa mkuu wa kambi, na mkuu ndiye aliyekwenda sokoni asubuhi kununua mnyama. Jioni mnyama aligawiwa kama aliyeangushwa porini, na shingo ilikuwa haki ya aliyemwona kwanza. Kwa kuwa wote walimwona kwa wakati mmoja, akishushwa kwenye gari, ugomvi wa shingo ulichukua muda mrefu kuliko mapishi.

Mjomba alikuwa hajawahi kuwa mkuu. Mwaka mzima alikuwa mchota maji. Sababu haikusemwa, lakini mimi niliijua kwa mama: wenzake walikuwa wakiingia porini, naye huko Tabora alikuwa na duka tu. Mwenye usemi katika kundi lile alikuwa mzee mmoja mrefu ambaye inasemekana aliwahi kumpiga nyati. Yeye ndiye aliyesema wiki ile, bila kumtazama mjomba, kwamba haya, tumjaribu. Mjomba hakulala vizuri siku tatu. Ikienda vizuri atakuwa mmoja wao. Ikiharibika atarudi kwenye madebe yake ya maji, na kwa umri wake asingejaribiwa tena.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kuendesha gari. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja jibu la kazi, na nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, jambo ambalo kwangu halijawahi kuleta heri. Tulipofika mjomba alinipa kamba, akaniambia nimfunge mnyama kwenye mgunga.

Nikafikiri. Fundo likikaza sana atajinyonga, nami nitakuwa nimemtesa kiumbe saa mbili kabla ya kuchinjwa. Likilegea atatoroka. Je, mnyama anayekaribia kuchinjwa ana haki ya kugeuza shingo na kutazama mlima? Niliona anayo. Nikafunga fundo la katikati. Fundo la katikati, nimejifunza, ni fundo la viatu.

Alasiri ikaingia. Mjomba, kwa kuwa ndiye mkuu, alitangulia kutuongoza, nasi wanne tukapanga safu nyuma yake. Katika rakaa ya pili nilimwona mnyama, pembeni mwa jicho, akitembea taratibu huku akiburura kamba. Najua kwamba mtu akichelea mali kupotea anaruhusiwa kukata sala. Lakini mali haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba, na mjomba ndiye imamu. Je, maamuma anaweza kukata sala kwa ajili ya mali ya imamu ambaye mwenyewe hajakata? Nilikuwa bado katika suala hilo wakati mnyama alipopita mbele ya mjomba, katika rakaa ya tatu, akasimama, akamtazama, akaendelea na safari yake. Mjomba hakutikisika. Ila rakaa ya nne ilikuwa fupi kuliko rakaa zote nilizopata kusali nyuma ya mtu.

Tulitoa salamu. Wazee walitazama mgunga, wakatazama mchanga. Nyayo zilielekea kwenye kona ya wadi, na nyuma ya kona ulikuwa unapanda moshi wa kambi nyingine.

Yule mzee mrefu alijinyoosha kwenye busati, akasema kwa upole kwamba hili sasa ni jambo la mkuu wa kambi. Ulikuwa upole wa mtu aliyekwisha kuona madebe ya maji yakirudi kwa mwenyewe.

Mjomba alinivuta kando.

"Utakwenda wewe. Mkuu haachi kambi yake. Sasa nisikilize. Mnyama akiingia kambi ya watu, unamdai ukiwa umesimama. Usikae, usile. Aliyekula kwa watu ni mgeni, na mgeni hadai."

"Na wakinikaribisha, mjomba?"

"Unasema asante, kisha unasema lililokuleta. Ni sentensi moja tu, mwanangu. Una digrii."

Nilikwenda nikiirudia sentensi hiyo moja: mnyama wetu ameingia kwenu, tunaomba kumchukua. Njiani nilibadilisha "tunaomba" kuwa "tumekuja", kwa sababu mdai haombi, kisha nikairudisha, kwa sababu mimi nilikuwa peke yangu na "tumekuja" ilikuwa wingi.

Nyuma ya kona walikaa watu wa Unguja, bibi na mumewe na wana wao wakubwa wawili, juu ya mikeka iliyotandikwa vizuri kuliko sebule yetu. Mbele yao palikuwa na samaki wa kuchoma ambao hawajaguswa, sahani ya halua na dele la kahawa. Mnyama wetu alikuwa amefungwa kwenye gurudumu la gari lao, kwa fundo la maana, anatafuna ganda la tikiti.

Nikapiga hodi.

"Karibu, baba, karibu," alisema bibi.

"Asante," nikasema, kama nilivyofundishwa.

Kumbe kwa watu wa Unguja neno hilo ndilo mlango. Nilikuwa nimekubali. Mwana mmoja alikwisha kusogea kunipa nafasi, mwingine alikuwa ananiletea maji ya kunawa. Nilibaki nimesimama, mikono imelowa, nikitafuta sentensi yangu.

"Kaa basi," akasema bibi. "Nnakuona umesimama kama mdai."

Hapo nilipata wazo ambalo kwa wakati ule niliona ni la akili sana. Nilichutama. Mtu aliyechutama hajasimama, lakini nani atasema amekaa? Bibi alimtazama mumewe. Mumewe, mzee mnyamavu mwenye ndevu nyeupe, alinitazama magoti, akasema pengine kijana ana jipu. Wakaniletea mto.

Sikuukalia ule mto. Ndipo bibi akaniwekea halua mkononi. Niliwaza: kula ni kumeza. Kilicho mdomoni hakijaliwa. Nikaitia mdomoni nikaishikilia pale bila kutafuna, nikakusudia kusema sentensi yangu haraka. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusema sentensi akiwa na halua mdomoni, na halua ya Maskati haihitaji ruhusa yako. Iliyeyuka, ikateremka yenyewe. Nilihisi ikipita kooni, nikajua nimekuwa mgeni. Nikakaa.

Baada ya hapo waliniuliza habari. Za mama, za baba, tunakaa wapi, mtaa wa Hamriya upande gani, kazi nimepata au bado. Kwao mgeni haulizwi haja yake mpaka anywe kahawa, na kahawa haikomi mpaka utikise kikombe. Hilo la kutikisa nalijua tangu utoto, lakini mkono wangu ulikuwa umeganda. Nilikuwa kwenye kikombe cha tano walipopita watu wengine njiani, wamebeba majiko na magodoro.

"Karibuni," bibi akawaita.

"Starehe," wakajibu, wakapita zao.

Neno moja. Walikaribishwa, wakajibu, na miguu yao haikusita. Niliwatazama mpaka wakapotea.

Mwishowe yule mzee mnyamavu akaelekeza kidevu kwenye gari. "Huyu kaja peke yake. Tumemfunga mpaka mwenyewe atokee. Unamjua?"

Mgeni hadai. Nilitafuta jambo la kweli ambalo si dai.

"Mzuri," nikasema. "Mbuzi mzuri sana."

Nilisahau kwamba kwa Waarabu na kwa watu wa pwani vilevile, kitu ukikisifu mbele ya mwenyeji umemtia mtegoni. Mzee akaweka kikombe chini.

"Basi mchukue, mwanangu. Wako."

Na mimi, ambaye nimelelewa kwamba zawadi haipokewi mara ya kwanza, nikasema hapana, haiwezekani. Bibi akasema wallahi nimchukue. Nikasema Mungu awazidishie, siwezi. Wakasisitiza tena, na mdomo wangu ukakataa tena, wenyewe, kwa heshima kubwa, huku ndani nikipiga kelele. Tatu ndiyo mwisho. Bibi akashusha pumzi.

"Haya. Ukikataa hatukulazimishi."

Nikatikisa kikombe, nikaaga, nikarudi kwa mjomba kumwambia kwamba nilikuwa nimepewa mnyama wake na nimekataa.

Mjomba alikuwa amesimama ukingoni mwa kambi, kisu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitazama debe tupu la maji kando ya gari, kisha akakiweka kisu, akavaa kofia yake vizuri, akaanza kutembea kuelekea kwenye kona. Mkuu haachi kambi yake, nilitaka kumkumbusha, lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Nilimfuata. Yule mzee mrefu naye alinyanyuka akatufuata kwa mbali, mikono nyuma, kama anakwenda kutazama mvua.

Tulipokaribia nikamnong'oneza: "Wakisema karibu, sema starehe."

"Karibuni," akasema bibi.

"Starehe," akasema mjomba, na ajabu, aliachwa asimame.

Bibi alieleza kwa utaratibu kwamba wao walikuwa tayari kutoa, lakini kijana kakataa mara tatu, na wote wamesikia. Mjomba alivua kofia aliyokuwa ametoka kuivaa.

"Mama, ni mbuzi wangu," akasema.

Nilishtuka kwa lile neno. Nyuma yetu mzee mrefu alisimama.

"Ni mbuzi, nimemnunua sokoni asubuhi. Nilimpa huyu amfunge, na hajui kufunga. Nami sikuja mwenyewe kwa sababu nilijifanya mwindaji. Mimi si mwindaji. Tabora nilikuwa nauza chumvi, wawindaji wakija kununua ya kukaushia nyama. Hizi sheria zote nilizisikia dukani, wakipiga soga."

Mbuzi alimaliza ganda lake.

"Na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga," akasema mzee mrefu.

"Mbona hukuirudisha?" mjomba akamjibu bila kugeuka.

"Ningeirudisha vipi? Nilikuwa naipeleka kwa mke wangu, naye anakaushia dagaa. Wewe unadhani mimi nilikuwa napiga nyati kila siku? Nilimpiga mmoja, na alikuwa mgonjwa."

Bibi alikuwa hasikilizi tena habari za nyati. Alikuwa amemkodolea mjomba macho.

"Chumvi mnayo?" akauliza. "Hapo kambini kwenu? Maana sisi tumeisahau. Mwanangu wa tatu kaondoka tangu adhuhuri kwenda Bustan kununua, hajarudi, na samaki huyu ukimtia mdomoni kama unatafuna taulo."

Mjomba alikuwa nayo. Mtu aliyeuza chumvi miaka ishirini haendi popote bila chumvi. Alirudi kambini mwenyewe akaleta mfuko, akaupima kwa mkono mbele ya bibi, akaonja, akatikisa kichwa kwamba hii haina mchanga. Sijapata kumwona amesimama wima namna ile.

Bibi akanigeukia. "Haya, mwanangu, tuanze upya. Mbuzi huyu, mchukue."

Nilifungua mdomo, na naapa nilikuwa nakaribia kusema haiwezekani. Mjomba alinikanyaga mguu.

"Asante," nikasema.

Mzee mrefu ndiye aliyemfunga mbuzi safari hii. Wakati wa kuchinja alimpa mjomba kisu, akamwambia Alhamisi ijayo kambi ni yake tena, ila dereva na mfungaji wawe watu wawili tofauti. Maji atachota dereva. Hivyo ndivyo nilivyorithi madebe.

Nyama ilipoiva, ikabaki shingo. Mzee mrefu aliiinua kwa kidole na kuuliza, kama walivyouliza kila wiki, nani alimwona kwanza. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyegombana. Maana wote tulijua swali sasa linahusu alipotoroka, na atakayesema alimwona atakuwa amekiri kwamba macho yake hayakuwa kwenye sala. Mzee mmoja alianza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Mwingine aliomba kikombe cha maji, na nikaenda kuchota, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Mimi," akasema mjomba. "Rakaa ya tatu. Mungu anisamehe."

Wakampa shingo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaila polepole, kando ya wenzake, bila kumkaribisha mtu.

Mimi nilimwona rakaa ya pili. Sikusema.