Njahi Zilizomnyamazisha Pasta

Timboroa ya zamani ilikuwa na baridi ya kuua kuku. Baba alikuwa akitoka kukamua anarudi na masharubu meupe, si uzee, ni barafu, na sisi watoto hatukuwa na pa kwenda isipokuwa kubanana jikoni kwa mama, na jikoni kwa mama hukai bure, unapewa kuchunga sufuria: funua uone, koroga, ongeza maji, sukuma kuni. Maharagwe yakishika chini, wewe ndiye utakula ile nyeusi. (Shule niliachia darasa la pili, lakini kuchunga sufuria nilihitimu.) Ndiyo maana watu hapa Langas wakinicheka, na bado wananicheka, huwa nasema hiyo aibu ililelewa Timboroa.

Sasa, kanisani kwetu Siku ya Akina Mama wanaume ndio hupika, wanawake wanakaa wapakuliwe. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa mkubwa wa jiko la kanisa, na njahi zake, yale maharagwe meusi ambayo kwetu Wakikuyu mama akijifungua anapikiwa, zilikuwa na sifa mpaka Turbo. Siku hizi hakuna anayezitaja. Hilo liliniuma. Nikaambia kamati ya wanaume, mwaka huu njahi napika mimi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Barno, akacheka mpaka akashika meza. "Baba Njoki, wewe leta soda tu. Soda haiungui."

Hapo nikaamua, hata iweje.

Binti yangu Njoki alikuwa ameniletea sufuria ya stima, ile ya kupika polepole, ina kifuniko cha kioo na haina haraka na mtu. Akanieleza kwa simu: "Baba, loweka usiku, chemsha kwanza kwa jiko zichemke kabisa, kisha mwaga ndani, maji yazifunike, funga, uende zako. Usifunue." Nikafanya yote, isipokuwa kwenda zangu.

Kwani hiyo kitu inapika ikiwa imenyamaza! Haitokoti, haitoi moshi, imekaa tu kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai. Jumapili alfajiri nikafunua kidogo tu, nione. Maji yametulia. Nikaongeza maji baridi, nikakoroga, nikafunga. Nikanyoa ndevu, nikafunua. Nikavaa tai, nikafunua. Kila nikifunua, joto lote linaruka kwenye dari, na mimi nashangaa mbona haipati moto. Saa ya kanisa ikafika, njahi bado ni mawe.

Mtu mwingine angeleta soda. Mimi nikaifunga sufuria kwa shuka, nikaibeba mpaka kanisani, nikapitia mlango wa nyuma, nikatafuta pa kuchomeka. Nyuma ya madhabahu palikuwa na soketi, lakini ilikuwa na waya mwingine mweusi. Nikauchomoa (hauna jina, ningejuaje ni wa nini), nikachomeka yangu, nikaenda kuketi mbele na tai yangu.

Pasta alikuwa amefika mahali pa kupaza sauti. Nikaona mdomo unakwenda, sauti hakuna. Akagonga maikrofoni, kimya. "Stima imepotea!" vijana wakapiga kelele, wakakimbia kuwasha jenereta, ikanguruma huko nje mpaka madirisha yakatetemeka, na pasta bado bubu. Barno akaanza kufuata waya wa spika, taratibu, akipapasa ukutani, mpaka nyuma ya madhabahu. Akainuka ameishika sufuria yangu juu kama sadaka.

"Nani anapika hapa kwa madhabahu?"

Kanisa lote likaniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa natokwa na jasho.

Mngedhani hapo nimekoma. Wapi! Wakati wa chakula nilisimama kwa mstari na mwiko wangu, nikampakulia wa kwanza Mama Cherono, aliyepika na mke wangu miaka yote. Akatia mdomoni. Tukasikia *ka!* Akaitoa kwa vidole, akaigeuza.

"Baba Njoki, hizi ni za kula ama za kupanda?"

Walicheka mpaka mtu akamwaga mchuzi. Barno akafuta machozi. "Si tulisema soda! Wacha hiyo kitu, kuja ukule wali."

"Bado hazijaiva," nikasema. Nikafunga kifuniko, nikaibeba, waya ukiburuta nyuma yangu katikati ya viti, nikatoka geti. Kwa kamati hiyo sijarudi tena, na sirudi.

Nyumbani nikaichomeka, nikafunga mlango wa jikoni kwa kufuli, nikaenda kupalilia sukuma wiki, mgongo nimeupa dirisha. Nikaapa, kifuniko kile nitakifunua mara moja tu, mara ya kula. Kesho yake nikampelekea Mama Cherono bakuli. Hakunikaribisha kiti. Alionja akiwa amesimama mlangoni, akatafuna polepole, akaacha kutafuna.

"Sasa hizi," akasema, "ni za Mama Njoki." Akalinyoosha bakuli kwangu nikamwongezee.